Goma Ang'aa Kwenye Picha ya Joto

Theluji ilianguka tangu alfajiri. Fusae alimwita paka wake. "Goma! Njoo ule samaki!"

Goma hakutoka. Alijikunyata chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na blanketi zito juu. Tangu jana hakuwa amekula kitu.

Fusae alichungulia dirishani. Jirani yao, mzee Momose, alikuwa akikoroga kitu kwenye ndoo.

"Ni yeye," Fusae alinong'ona. "Goma alifukua vitunguu vyake, naye mzee akaapa atamkomesha. Amempa sumu!"

"Mama, usimsingizie mtu," alisema binti yake, Chinami.

Kazi ya Chinami ni kukagua nyumba zinazopoteza joto. Ana kamera ya infraredi, inayopiga picha ya joto lisiloonekana kwa macho. Alimtoa Goma chini ya meza, akampiga picha. Lo! Pichani paka mzima alikuwa mwekundu, rangi ya joto.

"Ana homa kali! Atanifia!" Fusae alilia. Akambeba Goma mbiombio hadi kwa Momose, daktari wa ng'ombe aliyestaafu, Chinami akimfuata na kamera. Mtu kama huyo, aliwaza, anazijua sumu zote.

"Umempa nini paka wangu?"

Momose aliweka ndoo chini. Ndani mlikuwa na pumba za kuku tu. Akaitazama picha.

"Kabla ya picha alikuwa wapi?"

"Kwenye kotatsu," alijibu Chinami.

"Ebo! Hata mama yako akikaa humo atang'aa. Kamera inaona joto la nje, la manyoya. Hilo ni la hita. Mwacheni apoe nusu saa, mbali na hita na jua, kisha mpige tena. Msimshikeshike."

Walisubiri barazani kwake. Momose alileta chai. Fusae aliinusa, akairudisha kwenye sinia.

Picha ya pili ilikuwa tofauti. Goma alikuwa buluu, ila mguu mmoja wa mbele ulikuwa mwekundu. Momose alipekua manyoya. Palikuwa na kidonda kilichovimba kwa usaha.

"Ameng'atwa na paka mwenzake. Picha imetuonyesha pa kutazama tu, haisemi ni ugonjwa gani. Mpelekeni kliniki leo hii."

Kliniki walisafisha kidonda, wakampa dawa. Baada ya siku chache Goma alikuwa akilamba sahani.

Fusae aliona aibu. Alimpelekea Momose bakuli la mboga za majani alizozihifadhi mwenyewe kwa chumvi.

"Nisamehe, bwana. Nilikudhania vibaya."

Momose alifunua bakuli, akanusa, akamkazia macho. "Hujatia sumu humu?"

Fusae alichukua jani moja, akalitafuna mbele yake.