Matone ya Ágata

Lucineide alishuka kwenye gari la manispaa akiwa na mtoto begani, mfuko wa nepi mkononi na uchovu wa wiki nzima machoni. Kutoka kwao bara hadi hospitali ya Recife ni mwendo wa saa sita. Binti yake, Ágata, ana miaka tisa. Alizaliwa na ubongo mdogo. Hasemi, hatembei, na nyonga yake imeteguka. Zamu hii ya upasuaji waliingoja miezi kumi na minne.

Jambo moja lilimtia hofu. Mara ya mwisho Ágata alipopewa nusukaputi, alikaa siku mbili bila kuamka.

"Leo amepewa dawa gani, mama?" aliuliza Tércia, daktari wa usingizi.

"Hakuna, daktari. Hata kuskusi ya asubuhi hajaonja."

Tércia alibandika utepe wa mashine ya kupima usingizi wa ubongo kwenye paji la uso la mtoto. Mashine ikaonyesha sitini na mbili.

"Mtu aliye macho huwa tisini na kitu," alisema. "Ubongo kama wake huweza kusomeka chini hata akiwa macho. Ndiyo maana napima kabla. Nisipojua namba yake mwenyewe, nitadhani amezama usingizini kumbe bado anasikia. Lakini mbona kope nzito hivi?"

"Ni safari tu."

Edmilson, msukuma vitanda, aliguna. "Dada, miaka ishirini napokea magari ya bara. Watoto wote hushuka wamelala kama magunia. Mnawapa juisi gani ya pesheni ya kuwalaza huko?"

Lucineide alitazama sakafu. "Nikisema, mtanirudisha nyumbani?"

"Huenda," alisema Tércia. "Usiposema, nitafanya kazi nimefumba macho."

Lucineide alishusha pumzi. "Matone kumi, alfajiri. Yale ya kifafa. Kwa kawaida ni matano. Akilia garini watu wananisema. Mara ile nilimpa kumi na tano. Nilijua matone ni matone tu. Dawa ni kidonge."

"Matone ni dawa," alisema Tércia, akiandika. "Hata akifunga kula, dawa yake ya kifafa mpe kama ilivyoandikwa, isipokuwa sisi tukukataze. Usizidishe, usiruke. Na kila ulichompa, taja, hata chai ya majani. Haya, akiumia hufanyaje?"

"Halii. Hukunja gumba la kushoto ndani ya ngumi."

"Hilo mashine haitaniambia."

Walisubiri hadi mchana, matone yaishe nguvu. Namba ikapanda hadi sabini na moja. Tércia alianzia hapo, akampa dawa kidogo kidogo, akifuata namba pamoja na moyo na pumzi.

Saa moja baada ya upasuaji, Ágata alifumbua macho. Gumba lilikuwa ndani ya ngumi.

"Anaumwa," alisema Lucineide. Muuguzi alileta dawa ya maumivu. Taratibu, gumba likafunguka.

Siku nne baadaye walipanda gari la kurudi. Ágata alianza kulia kabla hawajatoka mjini.

"Huna matone, mama wewe?" abiria mmoja aliuliza.

"Ninayo. Saa yake bado," alisema Lucineide. "Anayetaka kimya ashuke."

Hakuna aliyeshuka. Ágata alilia mpaka mji wa Caruaru, mwendo wa saa mbili.