Marahaba ya Ukutani

Siku picha ilipoitikia, mshonaji alikuwa amebana pini midomoni, ndiyo maana hakupiga kelele. Ilikuwa mchana wa jua kali, mlango wazi, naye anapinda suruali ya mteja. Bintiye akaingia kutoka shule, akasimama mbele ya picha ya Mkuu wa nchi iliyotundikwa ukutani, akasema kama sheria ilivyotaka:

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," ukuta ukajibu.

Sauti nzito, ya mtu mzima aliyeshiba. Mtoto akageuka. "Mama, ni wewe?"

Mshonaji akazitema pini kiganjani. "Kanawe mikono," akasema. Angesema nini kingine?

Tuelewane kwanza. Katika nchi ile, ukiingia nyumba yoyote, iwe yako au ya jirani, unaisalimia picha kwanza, tena kwa sauti, ndipo uwaone walio hai. Watu walitania, kwa kunong'ona, kwamba hata mwizi huanza na shikamoo ndipo abebe redio. Miaka nenda miaka rudi walisalimia karatasi, na karatasi ikawa na adabu ya kunyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu yao.

Mshonaji alikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuliko jirani yeyote. Nyuma ya pazia, kwenye stoo ya marobota ya vitambaa, alikuwa amemficha mdogo wake. Huyu alikuwa mwalimu, na kila asubuhi ilikuwa kazi yake kuwaongoza wanafunzi kumsalimia Mkuu: yeye atangulie, wao wafuate kwa pamoja, mtoto huyuhuyu akiwamo. Asubuhi moja akafungua kinywa, akakifunga. Akaigeuza picha ikatazama ukuta, akaanza hesabu. Kufikia mchana walikuwa wanamsaka. Walioshikwa kwa kosa kama hilo hawakurudi, hata viatu vyao havikurudi.

"Umesikia?" mshonaji alinong'ona kwenye pazia.

"Nimesikia, dada."

"Labda ni uchovu. Sijalala vizuri mimi."

"Basi tumechoka wote," mwalimu akasema, na yeye, mtu wa utani tangu utotoni, hakutania.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Ikaja harufu ya dawa ya viatu, mpya, kali, wakati mle ndani hakuna mwenye kiatu cha kung'arisha. Kukawa na mlio wa ngozi ya buti, kama mtu aliyesimama muda mrefu anapohamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine. Kila salamu iliitikiwa, na kila ilipoitikiwa sauti ilizidi kunona. Mteja mmoja akiwa amenyoosha mikono apimwe kifua, ukuta ukakohoa, ukauliza kwa upole wa mkubwa aliyekosewa heshima:

"Huyo wa stoo, mbona hanisalimii?"

Mteja akashtuka. "Nani huyo?"

"Redio ya jirani," mshonaji akasema, akiikaza futi kifuani pake. Mteja akaondoka bila kuulizia nguo yake itakuwa tayari lini.

Jioni ile akamtafuta mganga. Alikuwa bibi mwembamba, akaja na khanga begani, ili akiulizwa aseme ameleta kupindwa. Akavuka kizingiti na papo hapo, kwa sauti, akasema, "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mganga."

Bibi akajipiga kofi la mdomo. "Ole wangu! Maisha yangu yote nawaambia watu, ukimkuta jini usimsalimie, ukimsalimia umemkaribisha. Na tazama, mdomo umenitangulia! Sasa simwezi. Nimeshampa heshima."

"Bibi, usiniache hivi. Nina mtu ndani."

Mganga akamvuta hadi uani. "Sikiliza, mwanangu. Hakai kwenye karatasi yule. Anakaa kwenye vinywa vinavyomsalimu. Mnyimeni. Kila mmoja wenu abane midomo mpaka harufu iishe, naye ataondoka."

"Na mjumbe wa mtaa akija kutukagua?"

Bibi akaikunja khanga yake polepole. "Hapo sina dawa."

Wakamnyima. Mtoto akawa anapitia mlango wa uani, kiganja mdomoni. Mshonaji akashinda na pini midomoni hata alipokuwa hana cha kushona, kwa sababu aliona ulimi unavyowasha kila akiikaribia picha. Na jamani, dawa ilikuwa inafanya kazi! Harufu ikapungua. Sauti ikakonda, ikaacha kuamrisha, ikaanza kuomba: "Mama mtoto, mara moja tu. Mimi si mgeni wenu?" Mwisho ikawa mkwaruzo, kisha kimya. Mwalimu akacheka nyuma ya pazia, akaomba chai. Mshonaji alilia kwa furaha huku akiikoroga.

Chai haijapoa, mjumbe wa mtaa akabisha. Watu walimwita Masikio, akiwa hayupo.

"Shikamoo, Mkuu," Masikio akasema akiingia. Ukuta haukujibu. Akamgeukia mshonaji. "Majirani wanasema siku hizi nyumba hii kimya sana. Hebu nisikie, msalimieni."

Mshonaji akaonyesha pini midomoni, kama kuomba radhi.

"Zitoe."

Akazitoa moja moja, akizichomeka kwenye mto wa pini kwa utaratibu wa kutafuta muda, akiwaza kwamba akisalimia atampa yule wa ukutani nguvu ya kumtaja mdogo wake, na asiposalimia atachukuliwa yeye, lakini angalau pazia halitafunuliwa, mtoto atakuwa na mjomba, na mjomba ana akili, atamtorosha, ataishi; basi na iwe hivyo, akaazimia, nichukuliwe mimi, na akaibana midomo yake mitupu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, huku harufu ya dawa ya viatu ikianza kupanda upya kutoka chini ya pazia, ndiyo, kutoka kule stoo.

Kisha ikasikika sauti kubwa, safi, ndefu, sauti ya mwalimu mbele ya watoto:

"Shi-ka-mooo, Mkuu!"

Mtoto, aliyezoea kufuata, akafuata. Mshonaji akasikia kinywa chake mwenyewe kikifuata. Masikio naye akafuata, macho yamemtoka. Wakasalimia wote kwa pamoja, na ukuta ukaitikia kwa raha:

"Marahaba, wanangu."

Masikio akalivuta pazia. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya robota, kikombe kimemwagika mapajani, mikono yote miwili imefunika mdomo. Machozi yalipita juu ya vidole. Chini ya vidole midomo ilikuwa bado inacheza.

"Dada," akasema, vijana wa Masikio walipoingia kutoka nje kumwinua. "Dada, si mimi."

"Najua," mshonaji akasema. "Najua, mdogo wangu."

Walipoondoka naye, mshonaji aliing'oa picha ukutani akaitia kwenye jiko la mkaa. Wamchukue na yeye, hakujali. Ikaungua kama karatasi yoyote. Harufu ikaisha kabisa, ukuta ukabaki na mraba mweupe, na nyumba ikatulia hivi kwamba alisikia mkaa ukipasuka.

Kesho yake akaketi kwenye cherehani, akabana pini midomoni. Mtoto akaingia kutoka shule. Akatazama ule mraba mweupe, akapita bila kuusalimia, akaja kusimama mbele ya mama yake, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

Mshonaji hakuifungua midomo. Hakuna pini hata moja iliyoanguka.

"Marahaba," sauti nzito ikasema, nyuma ya meno yake.