Kidonge ni cha Ndoo

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Esteria alifagia mbele ya darasa la sita huku akisoma kwa sauti insha yake ya jana. Wenzake walifagia kimya, maana vumbi la Bariadi halimbembelezi mtu anayefungua mdomo. Esteria alilimeza kwa furaha. Alikuwa bingwa wa insha shule nzima. "Aidha" yake ilikaa mahali pake, "hata hivyo" yake iling'aa, na Mwalimu Eufrasia alizoea kuisoma kazi yake mbele ya darasa.

Ndipo akaja Kwandu kutoka Lalago, kuishi na shangazi yake. Insha za Kwandu zilikuwa na wino mwekundu wa mwalimu mwingi kuliko wa bluu wake mwenyewe. Lakini wakati wa mapumziko akianza kusimulia, hata wacheza mpira waliuacha mpira.

"Fisi akaingia zizini," Kwandu alisema. "Alipokwisha kuingia zizini, akanusa. Alipokwisha kunusa, akamwona ndama. Alipomwona ndama..."

"Ee!" wenzake waliitikia kila alipovuta pumzi.

Ndivyo bibi zao walivyosimulia kwa Kisukuma: kila hatua iliushika mkia wa hatua iliyotangulia, na msikilizaji akaitikia kuonyesha kwamba hajapotea. Kwandu aliuhamishia mtindo huo kwenye Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mbona unarudi nyuma kila saa kama ng'ombe aliyesahau ndama wake?" Esteria alimtania.

Walicheka kidogo, kisha wakamgeukia Kwandu. "Ehe, alipomwona ndama?"

Esteria alitabasamu kwa meno tu. Wivu hauna adabu. Ukishaukaribisha sebuleni, unaomba na kitanda.

Wiki ile watoto wengi waliharisha kwa kunywa maji ya lambo, yaleyale wanayokunywa ng'ombe. Mwalimu Eufrasia akatangaza kikao cha wazazi. Bwana afya, Kasmiri, angekuja na vidonge vya kusafisha maji. Tatizo ni kwamba bwana huyo alikuwa mtu wa Tanga na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, nao wazee wengi walikielewa Kiswahili nusunusu.

"Kwandu atasimama naye, ayaeleze maneno yake kwa Kisukuma," alisema mwalimu.

Esteria alihisi ameporwa mchana kweupe. Nani alikuwa akiwaghania wageni shairi kila mwaka? Nani? Akamfuata Kwandu kwenye tangi la kunawia mikono.

"Mwalimu amesema ufupishe. Hataki ule mtindo wako wa kurudiarudia. Utatuaibisha mbele ya mgeni."

"Amesema hivyo kweli?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Kwandu aliinamisha kichwa. "Asante kwa kuniambia mapema, Esteria. Ningejiaibisha."

Asante ile ilimchoma kuliko tusi. Akaimeza vilevile.

Siku ya kikao wazazi walijaa darasani mpaka madirishani. Bwana Kasmiri alieleza vizuri kwa Kiswahili namna ya kusafisha maji, akagawa vidonge vya mfano. Kisha Kwandu akasimama. "Mwangaluka!" aliwaamkia. Wote wakaitika kwa nguvu. Akaendelea kwa Kisukuma, kwa ufupi kama alivyoagizwa:

"Chuja maji. Kidonge kimoja. Subiri nusu saa. Kunywa maji."

Akaishia hapo. Hakuna aliyeitikia "ee", maana hakuachiwa mtu mahali pa kuitikia. Kwenye benchi la mbele, Mzee Bundala alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe rahisi! Kama dawa ya malaria."

Akakipeleka kidonge mdomoni. Wazee wawili kando yake wakanyanyua vyao.

Esteria alikuwa nyuma, amejiandaa kucheka. Alipoona vidonge vinaelekea mdomoni, alisahau kucheka. Akaruka benchi, akaudaka mkono wa mzee hewani.

"Guku, babu, usimeze! Kidonge ni cha ndoo!"

Kidonge kikadondoka sakafuni. Mama mmoja alipiga kigelegele. "Huyu ndiye angetueleza! Siyo yule aliyetaka kutuua." Watu wakampigia Esteria makofi. Hicho ndicho alichokitamani wiki nzima, na sasa kilikuwa mikononi mwake, cha moto. Alimtazama Kwandu, aliyekuwa akikunjakunja upindo wa sketi huku machozi yakimtoka.

"Kosa si lake," Esteria alisema kwa sauti nyembamba. "Nilimdanganya kwamba mwalimu hataki asimulie kwa mtindo wake. Nilimwonea wivu."

Makofi yakafa.

"Kumbe ni wivu wako uliotaka kunitibu tumbo, ng'wanone, mwanangu!" alisema Mzee Bundala, na darasa likapasuka kwa kicheko. Akamgeukia Kwandu. "Mjukuu wangu, anza upya. Nieleze kama bibi yako angenieleza."

Kwandu akafuta macho. "Unachota maji ndoo nzima. Ukishayachota, unayachuja kwa kitambaa safi."

"Ee!"

"Ukishayachuja, unatia kidonge ndani ya ndoo. Ukishakitia, unakoroga. Ukishakoroga, unafunika, unangoja nusu saa. Nusu saa ikiisha, ndipo unakunywa."

"Ee!"

Mzee Bundala aliyarudia yote mwenyewe, asiruke hata hatua moja.

Wazazi walipoondoka, Mwalimu Eufrasia aliwabakiza wale wasichana wawili. Esteria alisubiri adhabu huku akitazama vidole vya miguu yake.

"Maneno ni kama mzigo wa kuni," alisema mwalimu. "Bila kamba, kila kijiti kinaanguka kivyake. Kwenye insha, Esteria, unafunga kwa 'kwa sababu' na 'hata hivyo'. Kwandu akisimulia, anafunga kwa kurudia. Kamba ni mbili, kazi ni moja. Wewe uliikata kamba ya mwenzako ili uonekane, na aliyekaribia kuumia ni mzee asiyekukosea lolote. Wivu haumchagui wa kumuumiza. Lakini leo umekubali kupoteza makofi ili useme kweli, hilo nimeliona."

Akawapa vidonge vilivyobaki wawapelekee waliokosa kikao. Kwandu angeeleza kwa mdomo, Esteria angeandika tangazo la kubandika mlangoni.

"Mwalimu, nianze kuandika sasa hivi?" Esteria aliuliza.

"Kwanza msikilize mwenzako," alisema mwalimu. "Na usisahau kuitikia."