Kinu cha Msituni

Kila asubuhi Veronika alipokuwa akichuma ndizi, alisikia kinu kikitwangwa juu msituni. Tu, tu, tu. Hakuna mtu aliyeishi kule. Kulikuwa na makaburi ya ukoo wake tu. Mama yake alizikwa pale masika yaliyopita. Veronika hakuogopa. Alizoea.

Kisha Serikali ya Mwingereza ikasimika nguzo nyeupe. Msitu ukawa hifadhi, marufuku kuingia. Siku hiyo kinu kikanyamaza. Ndege nao wakanyamaza. Ukungu ukashuka mpaka mlangoni, ukakaa.

"Nitazing'oa nguzo zile," alisema Fransisko, mjomba wake.

"Ufungwe, mjomba? Ngoja kwanza."

Wakaenda pamoja kwa jirani, Bibi Mwaisha, aliyehudhuria mikutano ya wakulima mjini Morogoro.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nguzo nimeziona. Mpima ardhi wa Serikali alipokuja kuuliza mna nini kule, mlimjibuje?"

"Tulisema hakuna kitu. Pale hapatajwi mbele ya mgeni."

"Basi naye kaandika hakuna kitu! Heshima yenu imewaponza." Bibi akavuta kigoda. "Sikiliza. Nchi hii si mali ya Mwingereza. Anaitunza chini ya Umoja wa Mataifa. Aliahidi katika mkataba: akitunga sheria za ardhi, ataangalia mila za wenyeji na kulinda haki zao. Asipofanya hivyo, mwenyeji anaweza kulalamika kwa Umoja wenyewe. Wajumbe wao wanakuja Morogoro. Nendeni mkaseme."

Fransisko alisema, "Nikipataja, waliolala pale watanikasirikia."

"Tuwaombe ruhusa," alisema Veronika.

Walisimama kwenye nguzo, wakamwaga unga wa tambiko. "Mama," Veronika aliita, "tunakwenda kukutaja."

Mara jiwe likabingirika kutoka kwenye ukungu, likasimama miguuni pa Fransisko.

"Karuhusu," alinong'ona Fransisko.

Mjini, mbele ya wajumbe, Fransisko alimwashiria Veronika aseme. Veronika akapataja mahali pale kwa jina, na mama yake kwa jina. Wajumbe wakayapokea malalamiko. Serikali ikatakiwa kujibu.

Mwaka uliofuata nguzo zilisogezwa. Makaburi yakawa nje ya hifadhi. Mikidadi, mlinzi wa msitu, alikuwa akigongomea nguzo ya mwisho.

Tu, tu, tu.

Kinu kilikuwa kikilia tena kule makaburini. Nyundo ikamponyoka. "Nani anakaa huko?"

"Wenyewe," alisema Veronika, akampita na kikapu chake cha unga.