Mstari Nilioruka

Kila nikitoka shule huketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya Bibi na kumsomea vipimo vya wateja kutoka kwenye daftari lake, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Kabla hajashika mkasi husema, "Rudia, Kasuku," nami narudia. Kitambaa kikishakatwa, basi tena.

Siku moja alinipa karatasi ya hospitali badala ya daftari. Alikuwa amepigwa picha ya kichwa kwa sababu ya kizunguzungu.

"Daktari namwona Ijumaa, lakini sina subira. Hebu nisomee."

Nilisoma umri na tarehe, kisha nikakutana na maneno haya: mabadiliko katika mishipa midogo ya damu ya ubongo. Sikuelewa kitu. Imebadilika ikawa nini? Niliogopa, nikauruka mstari.

"Wanasema uko salama, Bibi."

"Rudia."

"Uko salama."

Alicheka kwa furaha. "Basi Ijumaa nafuata nini huko? Na hivi vidonge vya presha vinanichosha bure!" Akavitupia juu ya kabati.

Kwa siku mbili kichwa changu kilivurugika kuliko chake. Aliniita kwa jina la mama, nikajiambia ndiyo hiyo mishipa. Halafu nikakumbuka kwamba huniita hivyo tangu nizaliwe. Alitafuta mkasi uliokuwa mapajani mwake. Sikujua tena kipi ni ugonjwa na kipi ni Bibi tu.

Alhamisi alitandaza kitambaa cha mteja mezani.

"Urefu wa mkono?"

"Hamsini na mbili."

"Rudia."

Nilitazama vizuri. Ilikuwa hamsini na saba. Machozi yakanitoka.

"Bibi, nilikudanganya. Kwenye ile karatasi kuna mstari niliuruka."

Aliweka mkasi chini. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilipomsomea, alisema, "Nishushie vidonge vyangu. Kesho ukitoka shule tunakwenda wote."

Daktari alituonyesha picha kwa ncha ya kalamu. "Tazama, mama. Hivi vidoa vyeupe ni mahali ambapo mishipa myembamba imechakaa. Wazee wengi wanavyo, wala si wazimu. Ila presha ikiachwa juu vitaongezeka, hata kiharusi kinaweza kuja. Meza dawa kila siku, punguza chumvi, tembea."

"Vitafutika?" niliuliza.

"Hapana. Tunavizuia visiongezeke."

Njiani Bibi alinishika bega. "Mimi nakata kwa kipimo unachonisomea, mjukuu wangu. Ukinipa cha uongo kwa kunihurumia, nguo inaharibika vilevile. Usichokielewa nisomee kilivyo, tutamtafuta anayekijua."

Asubuhi yake nilichukua pakiti ya dawa, nikasoma, "Kidonge kimoja, kila siku."

Bibi alishika glasi ya maji, akanitazama.

"Rudia, Kasuku."

Nikarudia, naye akameza.