Kiti Kisichopata Sahihi

Ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege ulikuwa umefurika asubuhi ile. Katikati ya masanduku na watoto wanaolia, dada mmoja mwenye gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa amepiga magoti akikagua kiti cha kungojea. Mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akainama.

"Umepoteza nini, dada?"

"Usingizi," alijibu bila kugeuka. "Kiti hiki kimeshonwa ovyo, kinaniuma macho."

Jamaa akacheka mpaka walinzi wakageuka. Kumbe dada alikuwa fundi wa kushona vifuniko katika kiwanda cha viti vya ndege, na kaka alikuwa mkaguzi wa usalama, ndiyo kwanza amekabidhiwa faili la viti vipya vya kiwanda hichohicho. Wangekuwa na akili zao, wangeagana palepale. Wiki ya tatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakulaje na umekataa viti vyangu?"

"Nimekataa viti. Wewe nimekukubali mzimamzima."

Viti vyenyewe vilipendeza, kila kimoja kama kijumba chenye mlango wa kuteleza. Lakini kwenye jaribio, kiti kilipokimbizwa juu ya reli na kusimamishwa ghafla, mlango ulikwama, na mwanasesere mkubwa wa majaribio, aliyefungwa mkanda mahali pa abiria, akabaki ndani. Wakabadilisha kitasa, ukakwama tena. Kila badiliko, hata la skrubu moja, liliongeza majaribio mengine. Ndege mpya nane zilikaa uwanjani, tupu ndani, zikisubiri.

Meneja akawakusanya mafundi. Viti visipopita mwezi huu, alisema, chumba cha kushona kinafungwa. Wanawake arobaini. Fundi alitoka nje, akampigia mkaguzi.

"Mpenzi, weka sahihi. Kitasa watakirekebisha baadaye, wameahidi."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa.

"Nasema na wewe!"

"Unaniomba nimfungie mtu ndani ya moto?"

"Nakuomba unifikirie mimi!"

Fundi akakata simu.

Kesho yake zikaja habari kwamba mkaguzi amejitoa kwenye faili. Aliyechukua nafasi yake, mama mmoja asiye na haraka, akaagiza kila kitu kianze upya: mlango, mikanda, hata moshi wa sponji ikiungua. Miezi mitano mingine. Fundi akajua ametupwa, yeye na wenzake kwa mpigo. Simu za mkaguzi ziliita na kuita, hakupokea hata moja.

Siku ya kufunga, mkaguzi aliingia chumba cha kushona, shati limekunjamana, ndevu zimeota. Wanawake walikuwa wakifunika cherehani kwa nailoni.

"Umekuja kuhesabu maiti?" fundi aliuliza.

"Nimekuja kusema. Ulipokata simu ile, nilifungua faili nikashika kalamu. Nusu ya jina langu nilishaiandika. Nikajiogopa. Kwako mkono wangu hauna msimamo, ndiyo maana nikajitoa. Sikujua wataanza upya."

"Ungeniambia."

"Hukupokea."

Fundi akakaa. Aliamini kila neno, na hilo ndilo lililomuumiza, maana sahihi ile aliiomba yeye.

"Nataka nikuoe," mkaguzi akasema, mbele ya wote.

Fundi alinyanyuka, akamnyoosha kola taratibu. "Nakupenda mpaka nachoka. Lakini kila nikikutazama nitawaona hawa."

Fundi mzee kuliko wote, waliyemwita Shangazi, akaacha alichokuwa akifanya. "Mwanangu, usitufanye sisi sababu."

"Shangazi, kesho asubuhi utaamkia wapi?"

Shangazi akarudi kufunika cherehani yake. Mkaguzi akaondoka bila kufunga mlango.

Viti vilipita baada ya miezi ile mitano. Fundi alikuwa mji mwingine, akishona magodoro ya hospitali. Mkaguzi alimpigia, safari hii akapokea.

"Vimepita," mkaguzi alisema.

"Na mlango?"

"Unafunguka kwa kidole kimoja."

"Afadhali."

 Fundi akasema kuna watu wanamsubiri, akamtakia siku njema, akaiweka simu chini, akainamia kazi asiione kwa machozi.