Jina la Marehemu Kwenye Hatua ya Pili

Nafe Moala alikutwa amelala kifudifudi ndani ya chumba cha kompresa, spana bado ipo mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Wazima moto walipomtoa kwa machela, spana ilitoka naye, kwa sababu vidole vilikataa kuachia.

Inspekta Uaisele Folau aliikuta maiti uani mwa kiwanda cha samaki, imefunikwa turubai kando ya makreti ya jodari. Daktari wa polisi hakuhitaji muda mrefu.

"Amonia," alisema. "Alifungua bomba lenye gesi. Alidhani ni tupu."

"Nani alimwambia ni tupu?"

"Hilo sasa ni lako, Inspekta."

Meneja, Hausia Kioa, alikuwa na jibu tayari. Pale kiwandani, bandarini Nuku'alofa, Tonga, kazi hazikugawanywa tena kwa mdomo. Ziligawanywa na programu ya kompyuta iliyonunuliwa ng'ambo, ambayo wafanyakazi waliiita Mfumo. Kila kazi ilikatwa katika hatua, na kila hatua ilipewa mhusika wake kwa jina. Hatua ya kwanza, kufunga vali ya gesi: Lupeti Fifita. Hatua ya pili, kuingia chumba cha vali pamoja na aliyefunga na kuhakikisha kwa macho. Hatua ya tatu, kufungua bomba: Nafe Moala. Hatua mbili za kwanza zikigeuka kijani, ndipo simu ya mtu wa tatu hulia.

Meneja aligeuza skrini. Kwenye hatua ya pili palisomeka: Nafe Moala.

"Alijikagua mwenyewe," alisema. "Uzembe wake ndio umemuua. Inauma, lakini ndivyo ilivyo."

Kufikia Ijumaa asubuhi maneno hayo yalikuwa yamefika kanisani. Mjane, Eseta, alimjia Folau kituoni amevaa nguo nyeusi na mkeka mkubwa uliochakaa kiunoni, kama wafiwa wa Tonga wavaavyo.

"Kesho namzika, afande. Mchungaji ameniuliza kama kweli amekufa kwa uzembe. Nafe! Mtu anayerudi kutoka njiani kuangalia kama jiko limezimwa! Akishafukiwa na hilo jina, wanangu watatembea nalo mpaka wazeeke."

Aliweka simu ya mumewe mezani. Folau aliisoma juu chini. Siku ile Mfumo ulimtumia Nafe ujumbe mmoja tu, saa tatu na dakika hamsini na nane: Hatua ya tatu, endelea. Hatua ya pili hakuletewa kabisa.

"Nipe mpaka ibada ya jioni, mama," Folau alisema.

Sajenti Kalo alirudi kutoka kiwandani kabla ya chakula cha mchana, amebeba kumbukumbu za Mfumo.

"Jina la Nafe liliingizwa saa nne na dakika thelathini na moja, afande."

"Alishakufa."

"Alikuwa chini ya turubai. Maiti wa kwanza Tonga kupewa kazi, na hakulalamika." Kalo alijisikia vibaya mara tu alipotamka, akashusha macho. "Kabla yake palikuwa na jina la Paula Lolohea, mkaguzi mwingine."

"Paula yuko wapi?"

"Auckland, wiki ya tatu sasa. Amefiwa na mama yake. Na mhusika akiwa likizoni, Mfumo unamruka na kuweka kijani."

"Kwa hiyo hakuna aliyekagua."

"Hakuna."

"Nani anaruhusiwa kubadili majina?"

"Wawili tu. Meneja, naye alikuwa uwanja wa ndege mpaka saa tano, nimethibitisha. Na ofisa usalama." Kalo alijikuna shingo. "Latai Fifita. Dada yake Lupeti. Baba mmoja, mama mmoja."

Folau aliweka kalamu chini. Mtonga yeyote angeelewa uzito wa maneno hayo. Siku hizi kuna familia zinazolegeza, lakini kina Fifita ni watu wa visiwa vya Ha'apai na desturi wanaishika barabara: kaka na dada wakishabalehe hawakai chumba kimoja, na neno la lazima hupitia kwa mtu wa tatu. Chumba cha vali nacho ni chembamba kama kabati la nguo. Wawili wakiingia lazima wabanane. Hao waliotengeneza Mfumo huko kwao, hata kama wana dada, si dada wa namna yetu.

Lupeti alipoletwa kituoni hakungoja swali la pili.

"Ni mimi. Jina la Nafe nimeliweka mimi."

"Kwa kompyuta gani?"

"Ya ofisi ya usalama. Ilikuwa wazi."

"Hii hapa, Kalo ameileta. Nionyeshe ulivyofanya."

Kidole kinene cha fundi kilitangatanga juu ya skrini, kikabonyeza.

"Hapo ni pa kuombea likizo, bwana."

"Nimesahau."

"Jana ulijua, leo umesahau?"

"Andika mimi, afande. Mgongo wa kubeba ninao."

"Unamkinga nani?"

Lupeti aliinamisha kichwa.

Latai aliketi chumba cha pili, nywele zimebanwa kwa nguvu, mikono mapajani.

"Mfumo unagawa wenyewe," alisema.

"Uligawia maiti?"

"Sijui, Inspekta. Nilikuwa na kazi nyingi."

"Nywila yako anayo nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi ni wewe."

"Sijui."

Alijibu hivyo mara tano. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na ushei. Folau alijua mlango mmoja tu uliobaki, na alijichukia kabla hajaushika.

"Kalo, mlete Lupeti."

"Humu?"

"Humu. Kiti kile, ubavuni mwake."

"Afande, hao ni kaka na dada!"

"Najua ni nani! Mlete!"

Alifoka kwa sababu aliona aibu. Yeye mwenyewe ana dada, na tangu alipoota ndevu hajawahi kukaa naye benchi moja.

Lupeti aliposukumwa ndani alisimama kama aliyeingia bafuni kwa mtu. Alikaa nusu kiti, uso ukutani. Latai alivuta sketi mpaka ikafunika vidole vya miguu. Kalo alitazama nje.

"Lupeti Fifita amekiri kuweka jina la marehemu," Folau alisema. "Nikisaini hati hii, leo analala mahabusu. Lupeti, ni kweli?"

"Ni kweli," Lupeti aliuambia ukuta.

"Si kweli!" Latai aliinuka nusu, akaketi tena. "Mtoe, Inspekta. Nakuomba, mtoe nitasema."

"Sema akiwepo."

Alisema, macho sakafuni. Tangu mwaka jana, kila Mfumo ulipompanga kukagua kazi ya kaka yake, alijitoa akamweka Paula. Meneja alijua. Wote walijua, na walimsifu kwa kulelewa vizuri. Kisha Paula akaondoka, na Alhamisi ikaja kazi ya kwanza ya vali tangu aondoke.

"Mle ndani tungegusana," alisema. "Nilikaa na ile skrini robo saa. Nikamweka Paula kama kawaida. Nilijua hayupo. Nilijua Mfumo utamruka. Nikajiambia Lupeti ni makini, atafunga tu."

"Ungeweza kusimamisha kazi."

"Ningeandika sababu gani? Kwamba mtu mzima mwenye cheti anaona haya?"

"Na saa nne na nusu?"

"Nilimwona Nafe sakafuni, na vali iliyofungwa siyo. Nikajua wakiona hakuna aliyekagua, watauliza aliyefunga. Watanichukulia kaka yangu. Nikaandika jina la Nafe. Nilifikiri yeye haumii tena."

"Na mke wake?"

Latai alifunika uso kwa viganja.

"Nimempelekea mkeka wa msiba. Amenibusu. Ameniambia asante, Latai, wewe ndiye wa kwanza kuja."

Folau aliandika maelezo yote kwa mkono, akampa asaini. Halafu alimwambia Kalo ampigie mchungaji simu sasa hivi: Nafe Moala hakujikagua, hakuzembea, alidanganywa na taa ya kijani, na litangazwe hivyo kanisani jioni hii, kwa jina lake kamili.

Kalo alipotoka kupiga simu, Latai aliondoa viganja usoni. Aligeuka, akamtazama kaka yake moja kwa moja.

"Lupeti. Ulifunga ipi?"

Lupeti alishtuka. Ilikuwa imepita miaka ishirini na mbili bila kusikia jina lake kinywani mwa dada yake.

"Ya kushoto," alisema taratibu. "Namba zimefutika. Nilidhani ndiyo."

"Ni ya kulia."

"Sikujua."

"Mimi nilijua," Latai alisema. "Ningekuwa ndani, ningekuambia."

Lupeti alianza kulia kwa sauti, uso bado ukutani. Folau alikusanya karatasi zake akatoka, akawaacha wawili hao chumba kimoja.